Yule Bibi wa Kengele Mnayemcheka Ni Mama Yangu

Kama una simu, unamjua mama yangu.

Usibishe. Unamjua!

Yule bibi mwenye sare nyeupe na aproni, kengele inalia, anainuka kwenye kiti mbiombio, mgongo umepinda, na muziki wa kuchekesha umewekwa juu... Yule mnayemrusha kwenye magrupu na kuandika "Mimi nikisikia chakula tayari."

Ndiyo. Huyohuyo.

Huyo ni mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni na mgongoni.

Siku alipojiona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Tulikuwa kliniki, kwenye benchi, tunasubiri apimwe presha. Nesi mmoja, binti mwenye kope za kubandika, akatoka chumbani, akamtazama mama. Akamtazama tena. Akaziba mdomo.

"Shikamoo bibi... Samahani, si wewe huyu?"

Akageuza simu.

Jamani! Nilihisi benchi limeniponyoka.

"Zima hiyo simu!"

"Samahani dada, nilidhani mnajua. Mbona iko kila mahali?"

Kila mahali!

Mama aliichukua simu kwa mikono miwili. Akatazama mpaka mwisho. Ikajirudia yenyewe, naye akatazama tena. Nilisubiri alie ili na mimi nipate ruhusa ya kulia.

Hakulia.

"Mbona inaishia hapo?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Imekatwa katikati. Mbona inaishia hapo?"

Nikadhani ni mambo ya utu uzima tu, hajazoea simu. Nikamwambia video za siku hizi ndivyo zilivyo, fupifupi, watu hawana subira. Akamrudishia nesi simu yake.

Alipopimwa, presha yake ilikuwa sawa kabisa. Iliyotakiwa kupimwa ni yangu.

Sasa tulieni niwaeleze ilikuwaje.

Mimi ni mwigizaji. Msinitafute kwenye mabango, hamtaniona. Mimi ni yule aliyebeba trei nyuma ya staa. Lakini safari hii nilipata nafasi yenye maneno, na nikaringa mtaa mzima wakajua.

Ilikuwa filamu ya enzi za wakoloni. Nyumba kubwa ya mzungu mwenye mashamba, yeye na mkewe, na watumishi weusi wanaozunguka humo kama vivuli. Mimi nilikuwa kijakazi. Mpishi alikuwa shoga yangu wa tangu chuo, tunamwita Pilipili kwa sababu ya mdomo wake. Kazi ile nilimtafutia mimi.

Memsahibu, yaani mke wa bwana, alichezwa na mzungu aliyezaliwa hapahapa. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu.

Na Dairekta? Dairekta ni mweusi mwenzetu. Mtoto wa kishua, sauti ya upole, roho ya kamanda.

Siku ya kwanza alitukusanya kwenye ukumbi wa nyumba ile ya zamani tuliyoikodi, akatupa sheria.

"Mnaocheza mabwana, mtapita mlango wa mbele na mtakula mezani. Mnaocheza watumishi, mtapita mlango wa nyuma na mtakula uani. Hakuna kuchanganyika. Nataka mvutano uonekane machoni."

"Hata kamera ikizimwa?" Pilipili akauliza.

"Hasa kamera ikizimwa."

Tukacheka. Tukasema sanaa hiyo, acha tuone.

Wapenzi, sheria ile ilituingia mwilini! Haukupita muda, wale mabwana wakawa wanaacha vikombe popote walipokaa. Na sisi tukawa tunaviokota. Hakuna aliyetutuma! Mimi mwenyewe, mtu mzima na akili zangu, nilijikuta nimesimama pembeni ya mlango kumpisha kijana anayecheza mtoto wa bwana, wakati nje ya pale hata shikamoo yangu anadaiwa.

Na Dairekta, ambaye hakucheza bwana wala mtumishi, alikula wapi? Mezani. Alijua mlango wake.

Mama yangu, kabla hajaolewa na marehemu baba, alifanya kazi za ndani kwa wazungu kwenye nyumba ya namna ile. Hicho tu ndicho tulichokijua. Ukimuuliza zaidi anakwambia, "Nilifanya kazi za ndani," halafu anakuuliza kama umekula.

Nilimleta siku moja aje anione nikiigiza. Nilitaka aone mwanawe naye kawa mtu.

Dairekta alipomwona, macho yalimtoka.

"Sura hii! Mama, utanisaidia. Utavaa sare, utakaa pale kwenye korido, utakunja vitambaa vya mezani. Usifanye kingine chochote."

"Nitaweza," mama akasema.

Sare ilimkaa kama iliyokuwa ikimsubiri. Akafunga aproni kwa nyuma bila kutazama, fundo moja, kwisha. Mimi nilipewa sare yangu tangu siku ya kwanza na bado nilikuwa nafungiwa.

Sehemu yenyewe ilikuwa rahisi. Memsahibu yuko sebuleni, anapiga kengele ya mkononi, mimi naingia na chai. Nilisimama jikoni na trei yangu. Pilipili alikaa kwenye upenyo wa mlango ili anipe ishara niingie.

Kengele ikalia.

Nikasubiri ishara. Nikasikia vicheko badala yake...

Pilipili akanisukuma, "Nenda, nenda!"

Nikaingia. Nikamkuta mama katikati ya sebule, mbele ya Memsahibu, kengele iko mkononi mwake yeye! Watu wa kamera wanacheka wameziba midomo. Aliposikia kengele aliinuka kutoka kwenye korido, akaja moja kwa moja, akainama, halafu akaichukua kengele.

"Kata!" Dairekta akapaza sauti, naye hana mbavu. "Mama! Si nilikwambia ukunje vitambaa?"

Mama aliiweka kengele mezani, akarudi korido, akaendelea kukunja.

Wawili tu hawakucheka. Fundi sauti alivua visikizio vyake akabaki amevishika. Na Memsahibu alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Nikajiambia, huyu kaudhika kusogelewa na bibi mweusi. Nikamwekea kinyongo hapohapo.

"Hiyo tunaifuta," Dairekta akaniahidi. "Usijali."

Nikamwamini.

Sasa rudi kliniki. Nimemrudisha mama nyumbani, moyo unachemka. Sikuhitaji mganga wa kuniambia nani kamdhalilisha mama yangu. Nilikwenda moja kwa moja anakoishi Memsahibu, nikagonga mlango wake wa mbele kwa ngumi.

Akafungua, taulo kichwani.

"Dada? Karibu..."

"Usinikaribishe! Umemfanya mama yangu kichekesho! Babu zako walimfanyisha kazi, na wewe sasa unamfanya katuni!"

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Alinitazama.

"Dada, mimi niko ndani ya hiyo video. Nimekaa kwenye kiti, nimeshika kengele. Ningeirekodije?"

Lakini hasira haijui hesabu.

"Ulimtuma mtu!"

"Angalia imepigwa kutoka wapi."

Akatoa simu yake. Kwa mara ya kwanza niliitazama ile video bila kumtazama mama. Pembeni kulikuwa na ubao wa mlango. Chini, ncha ya trei...

Trei yangu.

"Sisi tulikatazwa kupita upande ule," akasema polepole. "Jikoni mlikuwa nyinyi tu."

Nyinyi. Neno hilo lilinikera, na lilikuwa kweli.

Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Mama hajakwambia alichoniambia siku ile?"

"Alikwambia nini?"

Machozi yakamtoka, yale ya kweli, si yale anayolipwa.

"Muulize yeye. Si langu kulisema."

Nilimkuta Pilipili kwake anaanika nguo. Aliponiona tu, mkono ukabaki juu na kibanio.

"Shoga..."

"Sema si wewe."

Akakibana kibanio kwenye kamba tupu.

"Pilipili! Sema si wewe!"

"Ilikuwa ya utani tu! Niliweka muziki, nikairusha, sikujua itafika mbali hivyo. Halafu watu wakapenda..."

"Mama yangu amekulisha! Ulipofukuzwa kwenu ulilala kitanda kimoja na mimi nyumbani kwake!"

Akakaa chini palepale, kwenye matone ya nguo zake.

"Unajua kule kulikuwaje," akasema. "Dairekta anatucheka sisi. Mabwana wanatucheka sisi. Hata wewe ulikuwa na mistari ya kusema, mimi nimekaa tu na sufuria. Kila mtu mle ndani alikuwa na mtu wa chini yake. Mimi sikuwa na mtu. Halafu mama akainuka vile..."

"Ukampata."

"Nikampata," akasema, na akalia.

Nilitaka kumpiga, nisiwafiche. Mkono ulikataa. Adui nilimtafuta mbele, kumbe tulikuwa tunachungulia naye mlango mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walikwisha maliza.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele.

"Mama, ulimwambia nini yule mzungu?"

"Umekula?"

"Mama!"

Akapeta mchele, akapuliza makapi.

"Kesho nipeleke kwa huyo bwana wa filamu," akasema.

Sikujua kwamba Dairekta naye alikuwa ananitafuta. Video ilikuwa imempa wazimu! Tulipofika ofisini kwake, mlango wa mbele una kengele ya umeme. Nikanyoosha kidole.

"Usipige," mama akasema. Akabisha kwa mkono wake mwenyewe. "Hodi!"

Dairekta alitupokea kwa kicheko na soda.

"Mama yetu! Staa wetu! Nchi nzima inamtaka Bibi wa Kengele. Ile sehemu naiweka kwenye filamu. Anainuka, anakuja, anainama, basi. Watu watajaa ukumbini kwa ajili ya hapo tu."

"Uliniambia utaifuta!" nikasema.

"Dada, biashara ni biashara. Nahitaji tu mama akubali."

Nikafungua mdomo nimtukane mpaka ukoo wake usikie. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Weka yote," akamwambia.

"Yote?"

"Nilivyoinuka mpaka nilivyorudi. Na sauti."

Kicheko cha Dairekta kikapungua. Hapo nikajua kwamba alishaisikia. Maikrofoni ilikuwa kwenye kola ya Memsahibu muda wote.

"Mama, ile ya mbele... inaharibu mwendo wa filamu. Ni nzito. Watu wanataka kucheka."

"Weka yote, au toa yote."

"Lakini mama..."

"Baba," mama akasema, kwa upole ambao uliniogopesha, "mimi nimekunja vitambaa vya watu maisha yangu yote. Hiki sitakukunjia."

Dairekta alitazama chupa ya soda muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Yote."

"Ina nini hiyo yote?" nikauliza. "Nichezeeni niione!"

"Utaiona na wenzako," mama akajibu, akainuka.

Wapenzi wasomaji, kusubiri siku ya uzinduzi kulinikondesha! Mitaani watu wanamwita mama "Bibi wa Kengele", watoto wanamwigiza wakipiga vijiko kwenye vikombe. Nilikuwa nawaza, mama huyu anataka nini? Kama huko mbele kuna aibu kubwa zaidi, si ndiyo tumekwisha?

Siku ikafika. Ukumbi ulifurika, wengine wamekaa kwenye ngazi. Tulikaa mbele, mimi nikiwa katikati ya mama na Memsahibu, ambaye sasa sikuwa na kinyongo naye. Mama alivaa gauni lake la bluu la kanisani, mikono amekunja mapajani.

Filamu ikaenda. Sehemu yangu ya kwanza ikapita, wala sikuiona.

Kisha ikaja sebule. Korido. Mama na vitambaa vyake.

Ukumbi ukalipuka! Vifijo! Simu zikapanda juu kama mimea, kila mtu anarekodi. Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Huyooo!"

Kengele ikalia.

Mama akainuka. Kicheko. Akaja mbiombio, mgongo umepinda. Kicheko. Akafika mbele ya Memsahibu, akainama.

Hapo ndipo video yenu inapoishia.

Kwenye skrini, mama alinyoosha mgongo. Polepole, mpaka akawa mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Akaitoa kengele kwenye mkono wa Memsahibu, akaifunika kwa kiganja isilie tena. Na sauti yake ikajaa ukumbi mzima, ya chini, bila kutetemeka.

"Memsahibu, mwanangu ana homa. Leo sitoki kwake. Wageni wako watangoja chai."

Kicheko kilikatika kama kilichokabwa.

Memsahibu, ambaye maneno hayo hayakuwa kwenye mistari yake, alimtazama mama kwa muda. Kisha akajibu kwa sauti iliyopasuka.

"Nenda. Kaa na mwanao."

Mama akaweka kengele mezani. Akageuka, akarudi korido.

Simu zilikuwa zimeshuka. Nilisikia mtu anavuta kamasi, halafu mwingine. Memsahibu alikuwa ameinama, uso kwenye viganja.

Mimi nilikuwa nimeganda.

Kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu. Kifungua mimba. Ndivyo nilivyoitwa tangu nipate akili, na shughuli zote za ukoo nahesabiwa hivyo. Na mimi sikuzaliwa kwenye nyumba ya mzungu yeyote...

Nilimgeukia.

"Mama. Mwana gani?"

Hakuondoa macho kwenye skrini.

"Alikutangulia," akasema. "Nilikuwa binti mdogo, sina mume. Nilikuwa nalala naye kibanda cha nyuma. Homa ilimshika mchana. Walikuwa na wageni. Kengele ikalia, nikaenda. Nikarudi, nikamlowanisha kitambaa. Ikalia tena, nikaenda. Kila nikirudi, inalia."

"Hukuwaambia?"

"Nilisimama mbele ya memsahibu, maneno yapo hapa kooni. Akasema maziwa yameisha. Nikaenda kuleta maziwa."

Akalainisha gauni lake mapajani.

"Niliporudi nilimkuta amepoa."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto.

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikiyasema yale maneno," akaendelea. "Nikifua nayasema. Nikipika nayasema. Hayana wa kumwambia, yule mama alishakufa zamani. Siku ile kengele ilipolia... nikaona mlango uko wazi."

Kumbe! Sisi wote tulidhani ni mwili wa mtumishi ulioinuka kwa mazoea. Dairekta alicheka, Pilipili alirekodi, mimi nilimwonea huruma. Nyinyi mkamfanya stika. Kumbe siku ile mama yangu hakuwa anakwenda kuitikia. Alikuwa anakwenda kukataa.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?"

Akainama sikioni kwangu akalitaja. Ni jina zuri. Sitaliandika hapa, maana nawajua, kesho mtakuwa mmeliwekea muziki.

Tulitoka kwa mlango wa mbele. Watu walitupisha, wakanyamaza, wengine wakamwamkia mama mmoja mmoja. Dairekta alikuwa amesimama pembeni na suti yake, hajui aweke wapi mikono. Pilipili alikuwa nje, ng'ambo ya barabara. Alikuwa hajathubutu kuingia. Mama alimwona kabla yangu, akampungia mkono aje. Mimi sijamsamehe, niseme ukweli. Mama ana moyo wake na mimi nina wangu.

Usiku huo nilitaka kuwaandikia niwaambie mfute. Zile stika zote! Nilikuwa nimeshaanza, kwa matusi yaliyonyooka. Mama akaniuliza naandika nini, nikamsomea.

Akatikisa kichwa.

"Waache nazo," akasema. "Watu wakitaka kucheka watacheka tu. Wewe waambie mahali inapoishia."

Basi nimewaambia.